Viwavi Sebuleni

Justus alitema. Alitema ugali na mchicha pamoja na kitu cha tatu kilichokuwa laini, vyote vikaangukia uani mbele ya kuku, na jogoo akakimeza hicho cha tatu kabla mwenyewe hajakitazama vizuri. Hakuwa na haja ya kukitazama. Kilikuwa kimempasukia kati ya magego na kumwaga maji ya uvuguvugu yenye harufu ya ndimu iliyooza, na harufu hiyo aliifahamu, maana kwa wiki tatu alikuwa akilala nayo na kuamka nayo.

Alisukutua mara nne, mara ya mwisho kwa maji ya chumvi. Kisha akarudi mkekani na kuisukuma sahani hadi mbele ya mkewe.

"Bernadeta, leo nimekula funza nyumbani kwangu," alisema. "Nina mke, nina nyumba ya bati, na ninakula funza."

Mchicha Bernadeta aliuchambua mwenyewe, ila aliuchambulia sebuleni kwa sababu uani mvua ilikuwa inanyesha, na sebuleni ndiko walikoishi hao wadudu. Aliyejibu ni binti yao, Julieth, mwenye miaka ishirini na mmoja. Alisema kwa upole kwamba yule hakuwa funza bali kiwavi, kwamba bila shaka alitoroka wakati wa kubadilishiwa majani, na kwamba sasa walikuwa wamebaki sabini na tisa. Hesabu hiyo ilimuudhi baba yake kuliko hata kile alichokitafuna. Yeye alikuwa bado anajisikia kutapika, na mwanawe alikuwa anamlilia marehemu.

Tuseme ukweli bila kuwapamba: viwavi wale walikuwa wanatia kinyaa. Walipokuwa wadogo walifanana na mavi ya ndege, weusi wenye doa jeupe mgongoni. Walipokua waligeuka kijani na kunenepa hadi unene wa kidole gumba cha mwanamume, wakawa wanatafuna majani ya mndimu mchana kutwa, na watu wakinyamaza ule mtafuno ulisikika. Walikunya bila kupumzika. Vinyesi vyao vilikuwa vipunje vikavu vyeusi, na siku moja Justus alivichota pembeni mwa meza akidhani ni pilipili manga. Ukimgusa kiwavi mmoja, alichomoza pembe mbili za rangi ya chungwa nyuma ya kichwa, zimelowa, na hapo ndipo ile harufu ilipotoka. Wakizichomoza wote kwa pamoja, mgeni alikumbuka ghafla kwamba ana shughuli mahali pengine.

Waliwekwa katika maboksi manne ya sabuni yaliyofunikwa kwa vipande vya chandarua, juu ya meza ya dirishani, na kila mguu wa meza ulisimama ndani ya kopo la maji ili sisimizi wasipande. Nje wasingekaa. Manyigu wa mtaa wao wa Ipuli wangewamaliza kwa siku mbili.

Kazi hiyo Julieth aliijifunza Muheza, alikokaa mwaka mzima kwa shangazi yake na kuwaona akina mama wakifuga vipepeo kama wengine wanavyofuga kuku. Aliporudi Tabora hakupata wa kumuuzia hadi Bi Fakhria aliposikia habari zake. Bi Fakhria aliuza vitambaa karibu na soko, katika duka ambalo babu yake alilifungua wakati Tabora bado inapokea misafara, na mwezi wa pili alikuwa anamwoza binti yake Ghadir. Ghadir aliona kwenye simu bibi harusi akiingia ukumbini na vipepeo wakirushwa juu ya kichwa chake. Akataka vipepeo sitini, kila mmoja ndani ya kiboksi cha karatasi, wasichana wavifungue kwa pamoja ukumbi wa wanawake ukiwa umejaa.

Bi Fakhria aliahidi malipo, lakini Julieth hakuyafikiria sana malipo. Nyuma ya nyumba ya Bi Fakhria kulikuwa na kiwanja chenye mindimu tisa ya zamani na banda lililokaa bure. Vipepeo wakipendeza, alisema, Julieth achukue banda hilo, afugie wadudu wake huko, na harusi nyingine zitakuja zenyewe. Hicho ndicho alichokitaka, na alikitaka kwa sababu ya Urambo.

Urambo alikaa baba yake mdogo, Adriano, mkulima wa tumbaku. Misimu miwili mfululizo, kuanzia Januari hadi Machi, Julieth alipelekwa kumsaidia kuchuma. Majani ya tumbaku huchumwa asubuhi yakiwa na umande, na umande ule uliingia mikononi, ukapenya kwenye nguo, ukamlowesha kifua. Ilipofika saa nne alikuwa anaona kizunguzungu. Saa tano alikuwa amepiga magoti kati ya matuta anatapika nyongo. Adriano alisema kila mtu hutapika mwaka wa kwanza. Mwaka wa pili alitapika zaidi, na Justus, alipopelekewa habari, alisema mtoto huyo ana deko tu. Msimu huu alikuwa amekwisha kumwahidi mdogo wake: hao wadudu wasipoleta kitu, Julieth anapanda gari.

*

Jumamosi ilikuwa zamu yao kupokea jumuiya. Kila wiki jumuiya ndogo ya mtaa wao ilisali katika nyumba ya mwanachama mmoja, na safari hii kulikuwa na jambo la ziada, kwani mwenyekiti alikuwa amehamia Nzega na mwingine alitakiwa kuchaguliwa siku hiyohiyo. Justus aliutaka uenyekiti huo. Hakumwambia mtu, lakini alinunua viatu.

Bernadeta naye alikuwa na lake. Jumamosi iliyopita, nyumbani kwa Mama Yustina, katikati ya rozari, Mama Yustina alinyoosha vidole viwili na kuchukua kitu begani kwa Bernadeta. Kilikuwa kiwavi mdogo, amejikunja juu ya kitenge kipya. Mama Yustina alitoka naye hadi mlangoni, akamtupa, akanawa mikono kwa sabuni, akarudi kuendelea na Salamu Maria pale alipoishia. Mwanamke aliyekaa upande wa kushoto alisogeza kiti chake, kidogo tu, kiasi cha upana wa kiganja. Bernadeta aliupima upana huo kwa jicho na hakuusahau.

Kwa hiyo alimwomba binti yake awaondoe. Julieth alimweleza kwamba siku hizi ndizo mbaya kuliko zote za kuwasumbua. Walikuwa wameshiba, siku mbili tatu tu kila mmoja angepanda kijitini, ajifunge kwa uzi wake mwenyewe na kugeuka kitu kama jani lililojikunja, na baada ya hapo hakuna harufu, hakuna mavi, hakuna kula. Aliomba Jumamosi hiyo moja tu. Angefunika meza kwa kanga mbili, na dirisha likae wazi.

"Sawa," alisema mama yake. "Tutafunika."

Labda alipolisema alilimaanisha. Jumamosi asubuhi Julieth alichukua baiskeli kwenda Kipalapala, ambako familia moja ya wakulima jirani na seminari ilikuwa na mindimu isiyopigwa dawa, na ambako alichuma majani mara mbili kwa wiki. Alipotoka tu, Bernadeta alisimama sebuleni na kuvuta pumzi kwa pua. Kanga mbili zisingetosha. Hata kanga ishirini zisingetosha.

Stoo ya uani ilikuwa na mzigo wa Adriano. Ilikuwa tumbaku ya msimu uliopita iliyokataliwa kwenye kituo cha mauzo, na aliiacha kwa kaka yake ili awauzie watengeneza ugoro wa mjini. Ilifungwa ndani ya jafafa, lile gunia zito la kufungia tumbaku, lililobadilika rangi kwa vumbi la majani. Bernadeta aliingia, akapiga chafya, na wazo likamjia. Tabora nzima hakuna anayeuliza nyumba inanukia tumbaku kwa nini. Tumbaku ni harufu ya watu wenye kazi. Tumbaku ilisomesha watoto na kujenga makanisa. Harufu ya tumbaku ikiwafunika hao wadudu, Mama Yustina atapita uani bila hata kugeuza shingo.

Alibeba maboksi manne, akiyashika mbali na kifua na kugeuzia uso pembeni. Juu ya kila chandarua alitandaza majani ya tumbaku kwa ukarimu, akayasaga kidogo kwa viganja ili yatoe harufu vizuri, na vumbi la kahawia likadondoka kupitia matundu juu ya viwavi na juu ya majani waliyokuwa wanakula. Akayapanga maboksi moja juu ya jingine, akamwaga pembeni tumbaku iliyobaki, akayazungushia jafafa mara mbili, akafunga kwa kamba. Alinusa. Hakusikia ndimu hata kidogo. Alijiona ana akili sana, na aliporudi sebuleni kupiga deki alikuwa anaimba.

*

Walikuja watu kumi na wanane. Mama Yustina alikaa kwenye kochi, penye meza ile ya dirishani, ambayo sasa ilikuwa na kitambaa cheupe, chupa mbili za chai na sinia la maandazi. Mzee Modest, katekista mstaafu, alisoma Injili kwa sauti yake ya polepole. Hakuna aliyekunja pua, hakuna aliyesogeza kiti. Bernadeta aliwapitishia vikombe na kuwasikia wakisifu maandazi, na kwa mara ya kwanza baada ya wiki tatu alikaa akaegemea.

Uchaguzi ulikwenda haraka. Jina la Justus lilitajwa, mikono ikapanda, wakapiga makofi. Alisimama na viatu vyake vipya kuwashukuru, na alikuwa amefika kwenye maneno kwamba familia safi ndiyo msingi wa jumuiya, Julieth alipoingia uani na baiskeli, kifurushi cha majani ya mndimu kimefungwa nyuma kwa mpira.

Aliweka kifurushi chini, akachungulia dirishani kuwasalimu wageni, "Tumsifu Yesu Kristo," wakamjibu, "Milele amina." Macho yake yalikwenda mezani na kuona maandazi. Akamtazama mama yake. Mama yake aliinamisha kichwa na kuanza kumimina chai katika kikombe kilichokuwa kimejaa.

Hakuhitaji kutafuta sana, maana nyumba ilikuwa ndogo. Alifungua stoo, akalivuta lile jafafa mwangani, akakata kamba kwa meno.

Ningependa kuyaruka haya, lakini kuyaruka kungekuwa ni kufunika kwa kanga. Boksi la juu lilikuwa limelowa. Viwavi walikuwa wametapika kila walichokula, maji ya kijani yaliyochanganyika na vumbi la tumbaku na kuwa uji mweusi, na ndani ya uji huo walilala wamelegea, wengine wameinama kama soksi zilizovuliwa, pembe zao za chungwa zimechomoza na hazikurudi. Baadhi walikuwa bado wanajinyonganyonga na kutoka maji nyuma na mbele. Boksi la pili lilikuwa hivyohivyo, na la tatu, na la nne. Harufu ya ndimu iliyooza na harufu ya tumbaku hazikufunikana. Zilikaa pamoja, na zilipompanda usoni Julieth aliijua moja kati ya hizo kwa miguu yake kabla ya pua yake. Alishika ukuta wa stoo akatapika, akatapika tena, kwa sauti ile inayotoka tumboni na ambayo haiwezi kuzuiwa kwa mkono.

Sebuleni Justus alinyamaza katikati ya sentensi. Watu kumi na wanane walisikiliza. Sauti ikaja mara ya tatu.

Wanawake walitazamana. Kila mmoja alikuwa anahesabu miezi, na Bernadeta aliona wanavyohesabu. Mama Yustina aliweka kikombe chini taratibu, kwa huruma, na hakuna kinachochukiza kama huruma inayofurahia.

"Mama Julieth," alisema, "binti ana muda gani?"

Bernadeta alifungua mdomo. Alikuwa na jibu, nalo lilikuwa rahisi: ni wale viwavi mnaowakwepa, nimewafungia kwenye tumbaku, na tumbaku inamtapisha. Lakini kulisema kungemaanisha kuwarudisha wale wadudu sebuleni mbele ya watu, juu ya kitambaa cheupe, na kiti cha kushoto kingesogea tena. Akaufunga mdomo. Kwa kitambo kirefu kidogo, mama huyo alikuwa tayari mtaa uamini kwamba binti yake ana mimba, mradi usijue kwamba nyumba yake ina viwavi. Julieth alikuwa amefika mlango wa uani, kidevu kimelowa, na alimwona mama yake akiufunga ule mdomo.

Justus hakuweza kuvumilia. Uenyekiti ulikuwa na dakika kumi.

"Hapana, Mama Yustina, si hivyo," alisema kwa haraka. "Ni tumbaku. Mdogo wangu ameweka tumbaku stoo. Huyu mtoto tumbaku inamkataa kabisa. Tangu mwaka juzi inamtapisha hadi nyongo, inamwangusha. Hata kusimama karibu nayo hawezi. Ni ugonjwa, muulizeni mtu yeyote Urambo."

Watu walishusha pumzi, wengine kwa kuridhika, wengine kwa kukosa kilichokuwa kitamu. Mzee Modest ndiye pekee aliyebaki anamtazama mwenyekiti mpya.

"Kumbe unajua," alisema mzee. "Na kila Januari unampeleka kuchuma?"

Justus alinyanyua kikombe, akakuta hakina chai, akakinywa hivyohivyo.

*

Wageni walipoondoka jua lilikuwa bado juu. Julieth alikaa chini kwenye kizingiti cha stoo na kifurushi chake cha majani mabichi mapajani, kama mtu aliyefika hospitali na uji akaambiwa mgonjwa amekwisha kuondoka. Alimwambia mama yake mambo mawili tu. La kwanza, kwamba kabla ya Jumatatu wangekuwa wameanza kujifunga. La pili, kwamba alimsikia.

"Sikusema kitu," alisema Bernadeta.

"Ndicho nilichosikia, mama."

Kisha akaondoka kwenda kwa Bi Fakhria kumwambia mwenyewe kabla habari hazijamfikia. Bi Fakhria hakukasirika, na hilo ndilo lililomuuma zaidi. Alimpa pole, akamkaribisha kahawa, akasema Ghadir atarushiwa maua na maputo na wala watu hawataona tofauti. Kuhusu kiwanja alisema mpwa wake Qais alikuwa anakitaka kwa kuegesha bodaboda, na sasa haoni sababu ya kumnyima. Yote aliyasema kwa upole, huku akipima mita tatu za kitambaa cha mteja.

Bernadeta alibaki na maboksi. Kwa wiki tatu hakuwahi kumgusa kiwavi hata mmoja. Akimkuta njiani alimsukuma kwa ufagio. Sasa alichukua sufuria bovu, akachuchumaa, akaanza kuwaokota kwa vidole. Walikuwa baridi, ngozi zao zilimteleza, na wengine walimpasukia mkononi. Wengi walikuwa wamepenya pembeni mwa chandarua, wakang'ang'ania jafafa lenyewe, miguu imenasa kwenye nyuzi, na hao aliwaacha palepale, akairudisha tumbaku juu yao na kulifunga. Alipomaliza alinawa mara tatu, akavinusa viganja vyake. Ndimu ilikuwa imetoka. Iliyobaki ilikuwa tumbaku, na ndiyo iliyomfanya akimbilie ukutani, pale pale aliposimama binti yake, na kutapika maandazi yote.

Justus alikuwa amekaa sebuleni bila viatu. Alimsikia, na hakutoka.

*

Adriano alifika Jumatatu asubuhi na gari dogo la mizigo alilolikodi. Aliacha injini inaunguruma, akaingia uani akiwa mchangamfu, akamsalimu kaka yake, akamwamkia shemeji yake, akauliza kama mfanyakazi wake amekwisha kujiandaa, maana mvua imeshusha baraka na majani ya chini yamewiva yote. Alisema pia angepitia mzigo wake wa stoo, amepata mnunuzi.

Justus alimtazama mkewe. Alianza kusema kwamba ahadi ni ahadi, kwamba wadudu hawakuleta kitu kama walivyokubaliana, na kwamba labda mwaka huu wamvishe mifuko ya nailoni mikononi ili umande usimwingie. Alipofika kwenye nailoni, alimwona binti yake. Julieth alikuwa amesimama mlangoni na nguo zake za shamba katika mfuko wa plastiki, zile zilizokauka kwa utomvu wa tumbaku hadi zikasimama zenyewe. Alikuwa amezifungasha mwenyewe alfajiri, bila kuambiwa.

Bernadeta alimpokonya mfuko. Akaenda nao stoo na kurudi na jafafa limefungwa vizuri, akaliweka miguuni pa shemeji yake, na mfuko wa nguo juu yake.

"Mzigo wako huu, shemeji," alisema. "Tumbaku ipo yote. Mtu hayupo."

Adriano alicheka kidogo, akidhani ni utani wa mashemeji. Alipoona hakuna anayemsaidia kucheka, alichuchumaa kulifungua jafafa ahakikishe mali yake. Alilikunjua. Viwavi walikuwa humo, siku ya tatu, wameoza na kugandamana na nyuzi, na kitu cheupe kilikuwa kimeanza kutembea kati yao. Alirudi nyuma kwa kishindo, akakunja uso wote, akageuka pembeni na kutema mate.

"Usiteme hapa," alisema Bernadeta. "Hapa wanaishi watu."

Alichukua ufagio na maji, akaanza kupaosha mahali hapo, akisubiri shemeji yake ashike mzigo wake atoke.